Boma la Mpala na Mto wa Nyangwe



Nilirudi kutoka Mpala na picha 41 ndani ya simu, na kati ya hizo 40 ni za kuta, milango na ziwa. Moja tu ina mtu. Wengi wenu mmekwisha kuziona, jioni ile tulipotundika shuka jeupe ukutani mwa darasa na kuazima mashine ya kuonyeshea picha. Mlipiga makofi, mkaniuliza habari za mashua na mawimbi, mkataka kujua kama niliogopa. Kuna jambo moja ambalo sikuwaambia jioni ile. Kwa kuwa nimeombwa kuandika habari za safari yangu katika ukurasa huu, naona ni heri niliandike pamoja na mengine.

Hamu ya maboma niliipata nilipokuwa kijana nikisoma ualimu. Katika kitabu cha historia ambacho tulikigawana wanafunzi wanne, palikuwa na picha ndogo ya jumba la Chillon, lililojengwa juu ya mwamba ukingoni mwa ziwa la Geneva kule Uswisi. Lilikuwa na minara, na maji yalikuwa yakigusa kuta zake. Mwalimu wetu alituambia kwamba watu hutoka nchi za mbali kwenda kulitazama na kulipiga picha. Mmoja wetu akauliza kama Kongo nayo ina jumba la namna hiyo. Mwalimu alifikiri kidogo, akajibu: «Nendeni Mpala.» Kisha akaendelea na somo. Jibu hilo lilikaa moyoni mwangu zaidi ya miaka 30.

Safari yenyewe sitaieleza kwa kirefu, maana barabara zetu mnazijua. Nilitoka Nyangwe kwa pikipiki hadi Kasongo, kutoka Kasongo hadi Kongolo kwa pikipiki nyingine, na kutoka Kongolo nikapanda lori lililopitia Nyunzu hadi Kalemie. Kule Kongolo nilisimama kuwaombea wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliouawa tarehe 1 Januari 1962. Siku nilizotumia njiani ni nyingi kuliko zile nilizokaa Mpala, na mgongo wangu haujanisamehe hadi leo.

Lakini Kalemie nilijifunza jambo ambalo nilipaswa kulijua tangu zamani, mimi niliyefundisha jiografia. Nilisimama mahali Mto Lukuga unapotoka ziwani. Ziwa Tanganyika lina mito mingi inayoingia, na huo mmoja tu ndio unaotoka. Lukuga hutiririka kuelekea magharibi, ukaingia katika Lualaba upande wa Kabalo, na kutoka hapo Lualaba hupita Kongolo, hupita kwetu Nyangwe, huendelea hadi baharini. Maji tunayochota sisi, sehemu yake imetoka katika ziwa lile. Mwingereza Cameron aliuona mdomo huo wa Lukuga mwaka 1874, na mwaka huohuo akafika Nyangwe. Nilikuwa nimewafundisha watoto miaka mingi majina ya mito hiyo, kila jina peke yake kama shanga zilizokatika uzi.

Kutoka Kalemie nilipanda mashua ya mbao yenye injini, iliyobeba magunia ya unga, kuku na watu, tukaelekea kusini usiku kucha. Naam, niliogopa.

Sasa nisikilizeni habari za boma. Mwaka 1879 watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, waliojiita Shirika la Kimataifa la Afrika, walijenga boma Karema, ng'ambo ya mashariki, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Siku zile maji ya ziwa yalikuwa juu. Baada ya Lukuga kufumuka, ziwa likashuka, na boma la Karema lililokuwa karibu na maji likaachwa mbali nchi kavu. Mwaka 1883 luteni wa Ubelgiji, jina lake Émile Storms, alivuka kutoka Karema akajenga boma jingine upande wetu, karibu na mahali Mto Lufuko unapoingia ziwani. Hilo ndilo Mpala. Maboma hayo mawili yanatazamana, ziwa likiwa katikati kama meza baina ya wagomvi.

Storms hakuwa mmisionari. Alikuja kumtafutia mfalme wake nchi. Katika milima ya Marungu alimkuta mtemi mmoja, Lusinga, mtu mkali aliyejitajirisha kwa kuwauza watu. Mwezi wa Desemba 1884 Storms alituma askari wake, wakamwua Lusinga, wakamkata kichwa. Fuvu la mtemi huyo lilipelekwa Ubelgiji, likawekwa katika makumbusho ya Brussels. Mwaka 1885 Leopold aligeuza macho yake upande wa mdomo wa Mto Kongo, akaona ziwa halimfai tena, na Storms akaitwa arudi kwao. Karema na Mpala wakapewa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Ndivyo nyumba iliyojengwa kwa bunduki ilivyopata kuwa nyumba ya sala.

Mwaka 1887 akafika Mpala Kapiteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu. Yeye alikuja kuwalinda wakimbizi na watoto waliokombolewa, maana wakati ule misafara ya Rumaliza wa Ujiji ilikuwa ikizunguka ziwa lote ikitafuta watu. Alimwoa mwanamke wa nchi, Agnes, mwaka 1888, wala hakurudi tena Ulaya. Alifariki karibu na Moba mwaka 1927, akiwa mzee aliyepofuka. Ng'ambo ya pili, Karema, aliishi Adriano Atiman, aliyetekwa akiwa mtoto upande wa Timbuktu, akanunuliwa na mapadri jangwani, akasomeshwa uganga kule Malta. Akawa daktari na katekista wa Karema tangu mwisho wa miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60 katika parokia moja! Mimi nikiwa na miaka 25 tu katika kazi hii, wakati mwingine hulalamika. Na Mpala ndipo Stefano Kaoze aliposoma seminari ndogo. Alipewa upadri tarehe 21 Julai 1917, wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati zetu.

Hayo yote nilikuwa nimeyasoma kabla sijafika. Nilikuja na simu yangu kuyapiga picha.

Mpala haifanani na Chillon. Hapana minara inayoingia majini. Kuna kanisa, kuna nyumba za misioni zenye kuta nene, kuna matofali ya zamani ambayo mvua imeyala pembe, na mahali pengine huwezi kujua ukuta wa boma uliishia wapi na ukuta wa mapadri ulianzia wapi. Siku ya kwanza nilifika mchana nikapiga picha kumi kwa haraka, zote mbaya. Jua lilikuwa utosini, na kuta zimekuwa nyeupe kama chokaa, hazina sura. Jioni nilijaribu tena, lakini milima ya Marungu iko nyuma ya kijiji upande wa magharibi, nayo hulimeza jua mapema. Kuta zikabaki katika kivuli huku ziwa bado linang'aa.

Mzee mmoja alikuwa amekaa chini ya mti akinitazama nikihangaika. Ndiye aliyetunza funguo za kanisa. Aliponiona nimekata tamaa akasema: «Mwalimu, boma hili linatazama mashariki. Njoo asubuhi, jua likitoka majini.»

Nikaja asubuhi. Vijana wangu, sijui niwaeleze namna gani. Jua lilitoka upande wa Tanzania, kwanza jekundu, kisha likatupa njia ya mwanga juu ya maji hadi miguuni petu. Likagusa ukuta. Kila tofali likaonekana peke yake. Niliona alama za vidole vya waliofinyanga udongo ule. Pengine nilijidanganya, lakini niliziona. Zile picha nzuri mlizozipigia makofi, zote nilizipiga katika muda usiozidi nusu saa.

Baada ya hapo tulikaa pamoja ukumbizani mwa kanisa. Mzee akaniuliza natoka wapi.

«Natoka Nyangwe, mzee wangu.»

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema polepole, bila hasira: «Kumbe Mmanyema. Zamani hapa, watu waliposikia Wamanyema wanakuja, walikimbilia ndani ya kuta hizi.»

Nikasema: «Mama yangu ni Mgenya. Sisi ni watu wa mto, wavuvi. Ndio waliokufa sokoni Nyangwe.»

Nikamweleza habari za tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, Livingstone akiwapo. Nikamweleza jinsi watu wa mfanyabiashara Dugumbi walivyoanza kupiga bunduki katikati ya akina mama waliokuja kuuza samaki na mihogo. Jinsi watu walivyokimbilia mitumbwi na kujitupa majini. Na kwamba wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Nikamwambia pia kwamba habari hizo zilipofika Uingereza ziliwaamsha wengi, na kwamba mwaka 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja. Nilisimulia vizuri. Mzee alisikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa, akanipa pole kama mtu anayempa pole mfiwa.

Kila neno nililomwambia lilikuwa la kweli. Na nilikuwa namdanganya.

Maana upande wa mama sisi ni Wagenya, lakini upande wa baba hadithi ni nyingine. Baba wa babu yangu alikuwa mtu wa bunduki. Hakuwa Mwarabu. Alizaliwa hukuhuku Maniema, akachukuliwa akiwa mtoto, akalelewa katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja, akavishwa kanzu, akafundishwa Kiswahili hiki ninachoandika. Alipokua akapewa gobori, akatumwa kuwaleta wengine. Dhanis alipoiteka Nyangwe mwezi wa Machi 1893, babu huyo, kama wanavyosema nyumbani kwetu, alilitupa gobori lake mtoni, akashika jembe. Baba yangu alibatizwa. Ndugu zake wengi wamebaki Waislamu hadi leo. Nyangwe yote inajua habari hiyo, ila hatuisemi.

Mzee akaniambia habari zake. Bibi wa mama yake aliletwa Mpala akiwa msichana mdogo, mapadri walimkomboa kwa vitambaa. Hakujua jina la kijiji chake. Alijua tu kwamba kwao kulikuwa na mto mkubwa sana, na kwamba alitembea siku nyingi akielekea upande jua linakotoka. Alipozeeka alikuwa akikaa ufukweni, akitazama ziwa, akisema: «Haya maji ni makubwa, lakini hayaendi.» Mto wa kwao ulikuwa unakwenda.

Kisha mzee akanishika mkono. «Mwalimu, wewe una simu yenye picha. Umepiga nyumba yetu. Ukifika kwenu, nipigie mto. Nataka kuuona kabla sijafa.»

Niliahidi. Nikamwomba nimpige picha naye, akakubali, akafunga kifungo cha juu cha shati lake, akasimama mbele ya ukuta. Hiyo ndiyo picha ya 41.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikimfikiri yule msichana na kumhesabia miaka, kama mwalimu anavyohesabu. Miaka inalingana. Hapana ushahidi kwamba ni babu yangu aliyemchukua. Walikuwapo watu wa bunduki wengi, na njia zilikuwa nyingi. Lakini hapana ushahidi kwamba si yeye. Na nilifikiri juu ya jambo jingine, ambalo baadhi yenu mlikuwapo lilipotokea.

Mnakumbuka somo la mwaka juzi, katika mafundisho ya Kipaimara, nilipowafundisha habari za Kardinali Lavigerie na vita vyake dhidi ya utumwa. Nilisema kwa sauti kubwa: Waarabu walifanya hivi, Waislamu walifanya vile, mapadri wakaja wakaokoa. Kijana mmoja akainua mkono. Mama yake ni Mkatoliki, babu yake huvaa kofia na kwenda msikitini. Akauliza: «Mwalimu, na sisi?» Nikamjibu: «Ninyi akina nani?» Alinitazama kidogo, akafunga daftari lake, akatoka. Hakurudi tena. Niliwaambia wengine kwamba imani yake ilikuwa changa.

Kijana huyo ni wa ukoo wangu. Babu yake ni baba yangu mdogo. Yule aliyelitupa gobori mtoni ni baba wa babu yangu, na ni babu wa mzee huyo. Swali la «na sisi?» lilikuwa na jibu, na mtu pekee darasani aliyelijua alikuwa mimi niliyeshika chaki. Na siku ile sikutaja fuvu la Lusinga. Nililijua, nikaona litaharibu somo.

Niliporudi Nyangwe ilinichukua majuma matatu kwenda kwa baba mdogo. Nilipita mbele ya nyumba yake mara mbili nikijifanya nina haraka. Mara ya tatu aliniita mwenyewe. «Mwanangu, huko ziwani umeona nini hata huwezi kusalimia?» Nikaketi, nikamwonyesha picha, zote 41. Aliziangalia moja moja, akishika simu mbali na macho kama wazee wanavyofanya. Alipofika kwa mzee wa Mpala akauliza huyu ni nani. Nikamweleza yote, pamoja na yale ya darasani, maana nilijua kijana wake yuko nyuma ya mlango akisikiliza.

Baba mdogo alikaa kimya muda mrefu. Mwishowe akasema: «Babu alikuwa akipiga kelele usingizini. Mimi nilikuwa mdogo, nililala chumba kimoja naye. Alikuwa akiita watu kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua nyumbani. Nadhani ilikuwa lugha ya mama yake.»

Sikupata kulisikia jambo hilo kabla. Sikuwa nimefikiri kwamba naye alikuwa na mama.

Kesho yake tulikwenda mtoni watu watatu, mimi, baba mdogo na kijana. Simu ya kijana ni nzuri kuliko yangu, nikamwomba apige yeye. Alikubali kwa kutikisa kichwa, bila neno. Tulitafuta mahali ambapo wazee husema soko la zamani lilikuwa. Baba mdogo hakutaka kukaa pembeni. Alisema kama picha inakwenda Mpala, basi asimame ndani yake, ili mzee yule aone sura ya watu wa huku. Akanyoosha kanzu yake, akasimama, mto ukiwa nyuma yake. Akaniambia nami nisimame. Tukapigwa.

Picha hiyo niliituma kwa mfanyabiashara aliyekuwa akienda Kalemie, ndani ya kadi ya kumbukumbu iliyofungwa katika karatasi, pamoja na barua ya kurasa mbili. Katika barua nilimwandikia mzee habari za upande wa baba yangu. Niliiandika mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa na maelezo mengi ya historia. Mara ya nne ilikuwa fupi.

Miezi miwili nilingoja bila habari. Kijana alirudi katika mafundisho Jumapili ya pili ya Majilio. Anakaa nyuma, karibu na mlango, na huuliza maswali magumu. Somo la Lavigerie nitalifundisha tena mwaka huu. Nimeanza kuliandika upya, na bado sijui mahali pa kumweka Lusinga, wala mahali pa kumweka babu yangu.

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua, anayemwandikia mzee wa Mpala. Ni wa mistari michache. Mzee ananisalimu mimi na baba yangu mdogo. Anasema picha ameiona, sura zetu zinaonekana vizuri kidogo, lakini mto umetoka mweusi, kwa sababu tulipiga jioni jua likiwa ng'ambo. Anashangaa kwamba mwalimu amesahau haraka hivyo. Kwetu mto uko upande wa magharibi, tupige asubuhi. Na kuhusu yale mengine niliyoandika, anasema nije nimwambie mwenyewe kwa mdomo, na nije na yule kijana mwenye simu nzuri.